Dakika Ishirini na Tatu Zilizobaki

Nilianguka dakika ya sitini na saba. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kutazama saa. Tangu mapumziko mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito na kifua kilikuwa kimenibana, lakini nilijiambia ni joto. Kakuma kila kitu tunasingizia joto. Kisha beki wa timu ya mjini akamvuta jezi mshambuliaji wa timu ya kambini, ndani ya boksi, mbele ya macho yangu. Nikapuliza filimbi, nikanyoosha mkono. Halafu nikaona vumbi linanijia usoni na sikuelewa kwa nini.

Mechi hiyo huchezwa kila mwaka kabla shule hazijafungwa: vijana wa mjini, wengi wao Waturkana wenzangu, dhidi ya vijana wa kambi ya wakimbizi. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na Jumamosi zangu nimezitoa kwa filimbi kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wa kambini wangekuwa na haki ya kunikataa, kwa kuwa mimi ni wa upande wa mjini. Hawakunikataa kwa sababu wanajua sina mjomba wala shangazi nikiwa uwanjani. Shemeji yangu nilimpa kadi nyekundu miaka mingi iliyopita, na mpaka leo akija kwetu anasalimia mlango, si mimi.

Basi nilipoanguka, mjini walikuwa wanaongoza mbili kwa moja, na dakika ishirini na tatu zilibaki. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono wa kulia umenyooka mbele. Watu wa kambini walisema mkono ule ulikuwa unaonyesha penalti. Watu wa mjini walisema ule ni mkono wa mtu anayekufa, na filimbi ile haikuwa filimbi, ilikuwa pumzi ya mwisho. Waliniambia baadaye kwamba ubishi ulianza kabla sijapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Sikukasirika. Ningekuwa mzima ningebishana nao.

Kakuma walinichoma sindano, nikasafirishwa hadi Eldoret, na huko daktari mmoja wa kike, kijana tu, mwenye sauti ndogo isiyorudia neno mara mbili, akaniambia mshipa mmoja wa moyo umeziba. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, uende hadi moyoni, uzibue. Nilidhani watanilaza usingizi. Wapi! Nilikuwa macho wakati wote. Mkono ulikuwa umefungwa kwenye ubao, na kando yangu kulikuwa na televisheni, na ndani ya televisheni ulikuwa moyo wangu unadunda. Nilitazama mchezo wote kama mtazamaji wa jukwaani, bila filimbi, bila usemi wowote. Waliacha ndani ya mshipa kibomba kidogo cha waya, urefu wa ukucha wa kidole gumba, ili mshipa usijifunge tena. Walipotoa mrija wakanivalisha bangili ya plastiki iliyojaa hewa kukandamiza lile tundu, na kwa saa kadhaa nililala nikiitazama bangili hiyo na kumshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nimshukuru polepole.

Masharti ya daktari yalikuwa machache. Kwa wiki moja mkono wa kulia usiinue kitu kizito kuliko kikombe. Vidonge aina tano kila siku. Kimoja kati ya hivyo, cha rangi ya waridi, nisikikose hata siku moja kwa mwaka mzima. Na baada ya miezi mitatu nirudi nikimbizwe juu ya mashine ya kupima moyo.

"Na uwanjani nitarudi lini?" nikamwuliza.

"Usiniulize habari ya uwanja. Uliza mashine."

Nilimpenda. Angekuwa refa mzuri sana.

Mke wangu, ambaye ana cherehani yake pale Kakuma na watoto wa kuangalia, tulikubaliana abaki, nami nikapumzike Lodwar kwa mama yangu, mtaa wa Nawoitorong, ambako hospitali haiko mbali. Mama yangu amepita miaka sabini. Alilelewa na mifugo upande wa mto Kerio, na hata baada ya kuhamia mjini alikataa kuwa mtu wa mjini kabisa; ana mbuzi tisa na anawajua kuliko anavyowajua majirani. Kiswahili anacho, lakini anakiweka akiba kwa watu wa ofisini. Sisi watoto wake anatusemesha Kiturkana, na maneno yake hapa nimeyageuza mwenyewe.

Siku niliyofika hakunisalimia. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akalitazama lile tundu dogo lililokuwa limezungukwa na weusi wa damu iliyovilia.

"Ni hapa tu walipoingilia?"

"Hapo tu, mama."

"Walikufunga kamba wapi?"

Nikamweleza habari ya bangili ya hewa. Akaanza kucheka, akapiga makofi mara moja. Kwetu mnyama hutolewa damu bila kuchinjwa: anafungwa kamba shingoni mpaka mshipa uvimbe, anapigwa mshale mfupi unaotoboa kidogo tu, damu inakingwa, kamba inafunguliwa, na tundu linakandamizwa kwa dole gumba na samadi mbichi. Mnyama anarudi malishoni. Mama amelitazama jambo hilo tangu hajaota meno ya pili.

"Hao madaktari wako," akasema, "wamejifunza kwetu. Ila wamesahau samadi."

Tulicheka mpaka nikashika kifua. Nilijiona nimefika mahali salama, na kweli nilikuwa nimefika, isipokuwa kwa jambo moja ambalo mimi, refa wa miaka ishirini, sikuliona. Nyani haoni kundule.

Jioni ile mama alivimwaga vidonge vyangu kwenye sahani na kuniuliza kazi ya kila kimoja. Hiki cha kushusha presha. Hiki cha mafuta. Hiki cha tumbo. Hiki cha mapigo ya moyo. Alipofika kwenye kile cha waridi nikamjibu kwa haraka, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, kwamba hicho ni cha kufanya damu iwe nyepesi. Akakishika juu, akakitazama kwenye mwanga wa jua lililokuwa linazama.  Akaniambia tangu sasa vidonge atavitunza yeye na nitavimeza kila jioni mbuzi wakirudi zizini, kwa sababu saa yake ya ukutani ilikuwa imekufa lakini mbuzi hawajawahi kuchelewa. Nikakubali, nikawa nameza anachonipa bila kuhesabu. Mgonjwa haulizwi uji.

Siku ya nne nilinyoa ndevu, kwa mkono wa kushoto, nikajikata kidevuni. Nikaweka kitambaa na kukaa kusubiri, maana muuguzi wa Eldoret alikuwa ameniambia kwamba nikijikata, damu itachukua muda kukatika, nisishtuke. Nilipoondoa kitambaa damu ilikuwa imekatika zamani. Mama alikuwa mlangoni ananitazama, na uso wake ulikuwa umejaa ushindi.

"Umeona?" akasema. "Damu yako imerudi kuwa damu."

 Kisha nikamwuliza kidonge cha waridi kiko wapi.

Alikwenda akaleta kifuko chake cha ngozi chenye shanga, akakifungua. Vilikuwa humo vitatu, safi, havijaguswa. Hakuwa mwizi na hakujificha. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Mnyama aliyetobolewa mshipa hapewi chochote cha kulainisha damu. Anapumzishwa, anapewa maji na chumvi, damu yake inaachwa iwe nzito, la sivyo tundu litafunguka usiku na asubuhi utakuta umefiwa. Hata mtoto anajua. Kama daktari hajui, yeye anajua, naye hakunizaa ili anifukie.

Nataka kusema nilimwelewa. Sikumwelewa. Nilipiga kelele. Nilimwambia mama yangu mzazi, mbele ya mbuzi wake, kwamba ameniua. Nilikuwa nikimfokea yeye na huku nikijisikiliza kifuani, nikingoja ule mkazo urudi, na hofu niliyoipata hapo sikuipata hata siku niliyoanguka. Mama alisimama, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje karibu na ua, akanipa mgongo.

Nilimpigia muuguzi simu. Akaniambia niende hospitali ya Lodwar sasa hivi, si baadaye. Nikapanda pikipiki. Walinipima moyo, wakanipima tena, wakanipa vidonge kadhaa vya waridi kwa mpigo. Yule aliyenihudumia, mwanamume mwenye mvi, alisema, "Mzee, bahati yako. Wengine tunawapokea wakiwa wamechelewa." Nilikaa kwenye benchi la hospitali kabla ya kurudi. Hasira hasara, wanasema. Lakini mimi hasara niliyoiogopa kwenye benchi lile haikuwa ya moyo tena. Nilikuwa nimemfokea mama.

Nilirudi nyumbani. Vidonge vyote vilikuwa juu ya kitanda changu, vimepangwa. Alikuwa amejiuzulu.

Asubuhi nilisikia sauti ya jirani uani. Mama alikuwa amemwita aje na upinde mdogo, na walikuwa wamemkamata mbuzi wake mkubwa zaidi, yule aliyehasiwa. Mshale ukatoboa, damu ikakingwa kwenye bakuli la mti, na mama akaanza kuikoroga kwa kijiti. Alikuwa ananitengenezea maziwa ya damu, chakula cha mtu aliyedhoofika. Yaani nilikuwa nimemwita mwuaji, naye jibu lake lilikuwa kunilisha. Nilitoka nikasimama karibu naye. Hakuinua uso.

Alipokitoa kijiti, kilikuwa kimezungukwa na nyuzi nyekundu, nene, zinazonata. Ndiyo sababu damu hukorogwa: usipoikoroga inaganda yote bakulini; ukiikoroga, kile kinachogandisha kinanasa kwenye kijiti na damu inabaki maji. Nimekiona kijiti hicho maisha yangu yote. Siku hiyo nilikitazama kwa mara ya kwanza.

"Mama," nikasema, "tundu la mkononi limeshapona. Unaweza kulisahau. Tatizo ni kwamba wameniachia kijiti ndani."

Akainua uso.

"Kijiti gani?"

"Cha waya. Kiko kwenye mshipa wa moyo, kinaushikilia usijifunge. Na damu inapita juu yake mchana kutwa, usiku kucha."

Mama alitazama kijiti mkononi mwake, na zile nyuzi. Akazivuta kwa vidole, zikakataa kutoka. Aliona jambo zima kabla sijafungua tena mdomo. Niliona macho yake yakibadilika.

"Itanata," akasema.

"Itanata. Halafu itaziba. Kidonge cha waridi kinaizuia isinate."

Alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, bakuli mapajani. "Kwa nini hukuniambia hivyo siku ya kwanza?" akauliza. "Uliniambia cha kufanya damu iwe nyepesi. Mimi nifanye nini na maneno hayo? Wewe ni mwalimu wa namna gani?"

Swali hilo bado ninalo. Niliomba radhi. Nilichuchumaa mbele yake, refa mzima, nikaomba radhi, nikalia kidogo. Akaniwekea kiganja kichwani, na kifuani kwangu ikawa kama mvua imenyesha. Kisha akanipa bakuli, nikanywa. Akachukua vidonge vyote kutoka kitandani, akavirudisha kwenye kifuko cha shanga, na tangu siku hiyo sikukosa kidonge cha waridi hata mara moja. Nisingethubutu. Mbuzi wa kwanza akionekana tu njiani, mama alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu na kikombe cha maji, na hakuondoka mpaka nifungue mdomo aone chini ya ulimi.

Wiki ya tatu wakaja wageni: makapteni wawili, wa mjini na wa kambini, juu ya pikipiki moja kutoka Kakuma, wote wekundu kwa vumbi. Nilishangaa kuwaona wamekaa karibu hivyo bila kupigana.

"Ejok, refa," alinisalimia yule wa mjini, ambaye siku nyingine huendesha bodaboda. "Sisi tumekataa refa ingine. Walileta moja, tukamwambia rudi. Yeye hakuona hiyo kitu. Wewe tu ndio uliona."

Yule wa kambini ni Mkongomani, mrefu, mpole mpaka apewe mpira. "Mwalimu, batu bote banauliza," akasema. "Ile filimbi, ilikuwa ya penalti, ao ilikuwa ya kufa?"

Wakaniambia mechi imesimamishwa hadi nirudi, na mpira wenyewe umewekwa dukani kwa Msomali mmoja anayeuza unga na sukari karibu na kambi. Hana timu, hapendi kandanda, na kila upande unamwamini. Ameutundika ndani ya wavu juu ya magunia, na mtu akiuliza anajibu, "Wallahi, haijaguswa."

Wote wawili waliniinamia kusubiri jibu. Hata mama alisogea.

"Uamuzi," nikawaambia, "hautolewi nyumbani kwa mama ya mtu. Unatolewa uwanjani."

Kapteni wa mjini akauma mdomo. "Na kama hutarudi?"

"Nitarudi."

Nilisema hivyo kwa ukali, lakini walipoondoka nilianza kuhesabu hatua zangu. Siku ile nilikuwa nimetembea kutoka mlangoni hadi mti wa kwanza wa mkoma tu, nikarudi nikihema. Dakika ishirini na tatu za kukimbia zilikuwa mbali kuliko Eldoret. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyejua nilichokiona. Nisingerudi, mechi ile ingebaki kuwa ugomvi, na Kakuma ugomvi wa mpira haukai mpirani.

Mama hakuzungumza habari za mpira. Kesho yake alinipa fimbo akaniambia twende na mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, na safari hii ilikubaliana na ya daktari. Mkoma wa kwanza. Wiki iliyofuata mkoma wa tatu. Kisha hadi kwenye mchanga wa mto Turkwel, ambako mguu unazama na kila hatua inahesabiwa. Mbuzi wa mama hawana nidhamu. Yule mkubwa aliyehasiwa alikuwa anawapiga wenzake vichwa bila sababu, nami nikaanza kubeba filimbi. Nikipuliza, anasimama. Siku moja nilimkimbiza hatua thelathini nikampulizia masikioni, na niliposimama nikagundua kwamba nimekimbia. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kizuri, wazi, hakuna mkazo. Nilipiga ukelele pale mchangani. Mama alikuwa mbele. Hakugeuka, ila niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Miezi mitatu ilipotimia nilikimbizwa juu ya ile mashine, nimebandikwa nyaya kifuani. Daktari mwenye sauti ndogo alitazama karatasi, akageuza, akatazama tena. Nilitoa jasho zaidi nikimsubiri kuliko nilipokuwa nakimbia.

"Nenda ukapulize filimbi yako," akasema. "Na kidonge cha waridi?"

"Daktari, hicho kina mlinzi."

Nikapanda gari kurudi Lodwar kwa mama nikiwa naimba.

Siku ya mechi Kakuma ilihama ikaja uwanjani. Mke wangu alikuwa amenishonea kaptura mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa inanidondoka. Msomali mwenyewe alileta mpira, ameukumbatia kwa mikono miwili, akanikabidhi mbele ya watu wote. Mama alikuwa amekuja nami kutoka Lodwar, na alikaa juu ya kigoda chake hatua moja kutoka kwenye mstari, shanga zote shingoni.

Nilitembea hadi kwenye boksi. Kelele zote zikazimika, hata za watoto. Nikaweka mpira chini. Nikanyoosha mkono wa kulia, ule ule, mahali pale pale.

Penalti.

Upande wa kambini ulilipuka. Wa mjini, ndugu zangu, walishika vichwa, na kapteni wao akanijia mbio. Nikamngoja na kadi mfukoni. Akasimama mbele yangu, akahema, akasema polepole, "Uliona?"

"Nilimwona akivuta jezi. Niliona kabla ya vumbi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma ya mstari. Yule beki aliyevuta jezi hakuinua macho. Mkongomani akapiga, kipa akaenda kulia, mpira kushoto. Mbili kwa mbili.

Nilikimbia. Sitasahau. Nilikimbia huku na huko, nikawa karibu na kila mpira, na miguu ikaniitikia, na moyo ukafanya kazi yake bila kunikumbusha kwamba upo. Zilikuwa zimebaki dakika sita wakati kundi la mbuzi wa mtu fulani lilipotokea nyuma ya goli, likirudi nyumbani.

Nilisikia kicheko cha watu kabla sijamwona. Mama alikuwa ameingia uwanjani. Anatembea katikati ya mechi, hana haraka, kikombe mkono mmoja na kifuko cha shanga mkono mwingine, na wachezaji wanampisha. Nikapuliza filimbi. Hakuna sheria ninayoijua inayosema refa afanye nini hapo. Nikafungua mdomo, nikameza, nikanywa maji. Nikainua ulimi akaona.

Kisha nikatoa kadi ya njano na kuiinua juu, mkono umenyooka kabisa, kwa kosa la kuingia uwanjani bila ruhusa. Uwanja mzima ulipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Mama aliitazama kadi. Alinyoosha mkono, akaishusha kutoka kwangu taratibu, akaitia kwenye kifuko pamoja na vidonge, akarudi kwenye kigoda chake. Nikamaliza mechi bila kadi ya njano, na hakuna aliyeihitaji. Nilipopuliza filimbi ya mwisho ilikuwa bado mbili kwa mbili, na hakuna aliyebishana.

Kadi iko kwake mpaka leo. Nilipomwomba anirudishie, alifungua kifuko, akanionyesha vidonge vya waridi vilivyobaki, akasema nitaipata siku kitakapoisha cha mwisho.